Kiko cha babu na alama ya moto

Kijana mmoja wa Kilwa Kivinje ameniletea barua fupi yenye swali ambalo mwanzoni nililiona dogo. Babu yake, Mungu amrehemu, ameacha vitu vichache: msahafu, kanzu mbili, na kiko cha mpingo alichochongewa ujanani. Ukingo wa bori, yaani pale juu panapotiwa tumbaku, umeungua na kugandamana masizi. Kijana amekwisha nunua msasa. Anataka kiko king'are kabla ya hitima ya arobaini, ndugu watakapokutana. Swali lake ni kwamba asugue kwa msasa wa namba gani.

Ndugu msikilizaji, jibu langu ni kwamba msasa huo ukae kwanza. Naomba nieleze kwa nini, maana viko vya wazee vimo majumbani mwetu vingi, kutoka Somanga hadi Lindi mjini, na vingi vimeharibiwa na watu waliokuwa na nia njema.

Tuanze na asili yake. Ibn Battuta alipotua Kilwa mwaka 1331 hakukuta mtu anayevuta kiko, kwa sababu tumbaku wakati huo ilikuwa bado huko Amerika. Ilivuka bahari baada ya Wareno na Wahispania kufika kule. Ilipotufikia, watu wa pwani walitengeneza kiko cha maji: bori la udongo juu, digali la kupitishia moshi, na kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji chini yake. Yale maji yalilia kila mzee alipovuta, na mlio huo ukapewa jina lake, malio. Bori la udongo halikujali moto, kwani lilizaliwa motoni. Tatizo la ukingo kuungua lilikuja na kiko kidogo cha mkononi, kilichochongwa kwa mti.

Wazungu hutengeneza viko vyao kwa gogo la mzizi wa kichaka kiitwacho kitaalamu Erica arborea, ambacho huota pia katika milima yetu mirefu. Gogo hilo hustahimili joto vizuri. Arusha nako viliwahi kutengenezwa viko vya jiwe jeupe jepesi la Sinya, karibu na mpaka wa Kenya, vikauzwa nje kwa jina hilo hilo la Kiko vikiwa na alama ya tembo. Huku kwetu kusini mchongaji alichukua mti alio nao, yaani mpingo. Ni mti mgumu na mzito hata huzama majini, lakini joto la ghafla huweza kuupasua. Na mti wowote ule, hata uwe mgumu namna gani, ukifikishwa kwenye nyuzi joto 250 hivi na kuendelea huanza kugeuka mkaa.

Sasa, ukingo unaunguaje? Moto wa tumbaku wenyewe mara nyingi hauna kosa. Mwenye kosa ni moto wa kiberiti. Mvutaji akiuinamisha mwali, hulamba ukingo kabla ya kufika kwenye tumbaku. Akiwa ufukweni na kusi inavuma, mwali hulala kabisa. Kiko kikizimika mara kwa mara kwa sababu ya tumbaku mbichi, huwashwa tena mara tano au sita, na kila mara mti hulambwa pale pale. Kibaya kuliko vyote ni kiberiti cha gesi chenye mwali wa buluu unaovuma kama wa fundi wa kuchomelea.

Hivyo kinga yake ni nyepesi. Tumbaku isijazwe hadi juu. Iachwe nafasi ya unene wa sarafu mbili chini ya ukingo. Njiti ya kiberiti ishikwe katikati juu ya bori, na pumzi ya mvutaji ndiyo iuvute mwali chini. Moto wa kwanza huinua majani. Yashindiliwe taratibu, kisha yawashwe mara ya pili. Mwenye kiko aupe upepo mgongo. Akimaliza, apanguse ukingo kwa kitambaa kabla masizi hayajakauka, wala asigonge bori kwenye jiwe kumwaga majivu.

Turudi kwa kijana wetu. Kabla ya kusafisha, lazima ajue anasafisha kitu gani, kwa maana kwenye ukingo huwa pana mambo mawili yanayofanana kwa macho. La kwanza ni utando wa masizi na mafuta ya tumbaku, ambao umekaa juu ya mti. La pili ni mti wenyewe uliogeuka mkaa. Utando huondoka, lakini mkaa hauwezi kurudi kuwa mti. Kwenye mpingo rangi haisaidii kitu, kwa kuwa vyote ni vyeusi. Atumie kidole. Akihisi kitu kimeinuka, kinanata au kinang'aa, huo ni utando. Akihisi bonde, na ncha ya kucha inatoa unga, hapo mti umeungua.

Utando huondolewa hivi. Kiko kiwe baridi kabisa. Achukue kitambaa laini cha pamba, akiloweshe kidogo tu kwa maji ya vuguvugu. Mwenye kiko chake mwenyewe wengi hutumia mate. Akikandamize kwenye ukingo kwa dakika moja, kisha apanguse polepole kwa kuzungusha, abadilishe upande wa kitambaa, arudie. Kazi hii huenda ikachukua siku tatu au nne. Asikizamishe kiko majini, asitie mafuta ya taa wala dawa ya kufulia, asikwangue kwa wembe. Kikikauka, apake nta ya nyuki kidogo kwa nje na kung'arisha. Ndani ya bori nta isiingie.

Na pale palipoungua? Msasa utapaondoa, ni kweli, lakini kwa kuushusha ukingo wote. Bori litakuwa fupi, umbo alilolipima mchongaji litapotea, na vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua. Kama ufa umeanza, kipelekwe kwa mchongaji anayeujua mpingo. Kama hakuna ufa, kovu hilo halidhuru kitu.

Nakumbusha mambo mawili. Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kufikia kuvunwa. Wanavijiji wa Kilwa wamejitahidi kuulinda, hata mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji. Kitu kilichotokana na mti wa namba hiyo ya miaka hakikwanguliwi kwa pupa. La pili, simshauri kijana akivute. Moshi wa kiko huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu kama ule wa sigara. Kiko hicho ni cha kuwekwa, si cha kuwashwa.

Basi mwanangu wa Kivinje, ondoa masizi, kwani ni uchafu. Lakini lile bonde lililoungua upande mmoja liache. Mkono wa babu yako ndio uliolichimba, jioni baada ya jioni, kwa namna yake ya kushika njiti. Siku ya arobaini ndugu watakapokipokezana kiko hicho, yuko mzee mmoja atakayepitisha kidole pale na kumkumbuka alivyokuwa akiketi. Kiko kilichosuguliwa kikawa kipya hakitamkumbusha kitu.