KAZI YA FUNDI WA INJINI ZA DIZELI

Katika vijiji vingi visivyo na umeme, mashine ya kusaga huendeshwa na injini ya dizeli. Injini hiyo ikiharibika, kina mama hubeba mahindi hadi kijiji cha mbali. Fundi akiitwa kutoka mjini, siku hupita na gharama huongezeka. Je, kijiji chako kina fundi wake?

Injini hufanyaje kazi?

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi hiyo. Pistoni hubana hewa ndani ya silinda. Unapojaza upepo katika baiskeli, pampu hupata joto. Hewa ya injini hubanwa zaidi, hata joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe na kusukuma pistoni.

Usafi kwanza

Matundu ya nozeli ni madogo sana. Uchafu kidogo huyaziba. Kwa hiyo fundi mzuri husafisha injini kabla ya kuifungua. Tena, mafuta yakiisha kabisa, hewa huingia katika bomba. Ukijaza mafuta, huenda injini isiwake. Fundi asiyejua hufungua injini yote. Fundi anayejua hutoa hewa kwanza.

Jihadhari! Usijaribu nozeli kwa kidole. Dizeli hutoka kwa nguvu na kupenya ngozi. Mtu aliyeumia hivyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Kusoma na kuhesabu

Spana peke yake haitoshi. Kila injini ina kitabu chake. Kitabu hueleza aina ya oili na wakati wa kuibadilisha. Tuseme kitabu kinaagiza oili ibadilishwe kila baada ya saa 250. Mashine hufanya kazi saa 5 kwa siku. Gawanya 250 kwa 5. Utapata siku 50. Andika tarehe katika daftari. Oili iliyochakaa huua injini, na injini mpya ni ghali.

Utajifunza wapi?

Hapa Tanzania, vyuo vya VETA hufundisha ufundi na kutoa vyeti. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Njia ya pili ni kujifunza kwa fundi hodari katika gereji. Fundi aliyejifunza hivyo anaweza kuomba VETA impime ujuzi wake, ili apate cheti. Wanaume kwa wanawake wanaweza kazi hii.

Umekwisha kujua kusoma. Anza na kitabu cha mashine iliyo karibu nawe.

Maswali

1. Injini ya dizeli huwashaje mafuta yake?
2. Kwa nini fundi husafisha injini kabla ya kuifungua?
3. Mashine ikifanya kazi saa 10 kwa siku, oili ya saa 250 itabadilishwa baada ya siku ngapi?