Waliotafutwa Baharini Huku Wako Jangwani

Novemba 1958, ndege ya Waingereza waliokuwa wakitafuta mafuta ilipita juu ya kusini-mashariki mwa Libya. Chini, kwenye uwanda wa mchanga usio na mti wala njia, waliona ndege kubwa ya kivita imelala, imekatika vipande viwili. Wachunguzi walipoifikia mwaka uliofuata walikuta bunduki zake bado zinafyatuka, redio bado inafanya kazi, na kinywaji kilichokuwa kwenye chupa bado kinanyweka. Penye ukavu wa namna ile kutu haina haraka.

Watu hawakuwemo. Parachuti pia hazikuwemo.

Ilikuwa Lady Be Good, ndege ya Marekani iliyoruka kutoka Soluch, karibu na Benghazi, tarehe 4 Aprili 1943 kwenda kupiga mabomu Naples, Italia. Ilibeba watu tisa, rubani wao akiwa William Hatton. Wakati wa kurudi giza lilikuwa limeingia. Hatton aliomba kwa redio aelekezwe, akapewa mwelekeo. Tatizo ni kwamba kipimo cha siku zile kiliweza kuonyesha mstari ambao ndege ilikuwa juu yake bila kubainisha kama iko mbele ya kituo au nyuma yake. Kituoni ilichukuliwa kwamba bado yuko baharini anakuja. Kumbe alikwisha kuwapita, na kila dakika alizidi kuzama bara. Mafuta yalipokaribia kwisha, usiku wa manane, wote tisa waliruka kwa parachuti. Ndege iliendelea yenyewe, ikatua kwa tumbo takribani kilomita 700 kutoka kituoni kwao.

Waliotumwa kuwatafuta waliwatafuta Mediterania.

Wanane walikutana mchangani. Wa tisa, John Woravka, hakutokea, kwa kuwa parachuti yake haikufunguka sawasawa. Walikuwa na nusu chupa ya maji kwa watu wanane. Wakaanza kutembea kaskazini-magharibi kuelekea pwani, wakidhani haiko mbali. Nyuma yao, upande wa kusini, umbali wa kilomita 26 hivi, ndege yao ilikuwa na maji kidogo, chakula na ile redio nzima. Hawakuwa na namna ya kujua.

Msaidizi wa rubani, Robert Toner, aliandika shajara fupi, na shajara hiyo ndiyo inayotueleza yaliyofuata. Kila mtu alipata kifuniko kimoja cha maji kwa siku. Mchana walijilaza, jioni wakaondoka, wakitembea dakika 15 na kupumzika tano. Usiku uliwatesa kwa baridi kali. Alhamisi walifika kwenye vilima vya mchanga, na siku ya pili yake watano hawakuweza tena kuendelea. Watatu wenye nguvu kidogo, Shelley, Ripslinger na Moore, walikwenda kutafuta msaada. Shajara inakoma tarehe 12 Aprili, siku ya nane tangu waanze kutembea.

Kwa hesabu za kitaalamu, siku nane zilikuwa nyingi mno. Wakati wa vita hivyohivyo, mwanafiziolojia Edward Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester na wenzake waliwachunguza wanajeshi katika majangwa ya Marekani, na matokeo yakatoka kitabuni mwaka 1947. Waligundua kwamba kubania maji hakumpunguzii mtu jasho. Mwili hupoteza kulingana na joto na kazi unayoifanya, upende usipende, na kwenye jua kali anayetembea anaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa. Kinachookoa maji ni kukaa kivulini, kuvaa nguo badala ya kuzivua, na kusafiri usiku. Vijana wa Hatton walifanya karibu hayo yote. Kwa hiyo atakayesema walikufa kwa ujinga anawaonea.

Hata kosa la kuzunguka hawakulifanya. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walichapisha majaribio waliyofanya msituni na katika Sahara ya Tunisia. Mtu aliweza kushika njia alipoona jua au mwezi. Mmoja aliyetembea usiku jangwani alikwenda vizuri hadi mawingu yalipoufunika mwezi, kisha akageuka na kugeuka tena mpaka akawa anarudi alikotoka, bila kutambua. Wanane wale walishika mwelekeo wao kwa zaidi ya kilomita 100. Miili ya watano ilipatikana Februari 1960, ya Shelley na Ripslinger miezi michache baadaye, makumi ya kilomita mbele zaidi. Mabaki ya Moore hayajawahi kutambuliwa rasmi.

Basi wangebaki walipoangukia? Ushauri wa kawaida ni huo, na kwa jumla ni mzuri, lakini Mei 1942 ndege tatu za Afrika Kusini zilipotea karibu na Kufra, kituo chao wenyewe. Zilitua salama zikiwa na watu 12, na wengi wao walibaki karibu nazo. Dhoruba za mchanga zilikwamisha msako. Waokoaji walipofika, baada ya wiki moja, aliyekuwa hai ni mmoja.

Waliotembea walikufa, na waliokaa walikufa isipokuwa mmoja, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika walipo. Siku hizi kifaa cha setilaiti kinachoingia mfukoni hutuma mahali ulipo kwa dakika chache, lakini betri huisha, na kifaa huanguka. Msomaji unayepanga kuvuka jangwa la Chalbi, kule Marsabit, Kenya, beba maji ya kutosha na ya ziada; kisha andika njia utakayopita na siku ya kurudi, umwachie mtu ambaye asipokuona siku hiyo hatangoja kesho kupiga simu.