Sala Kabla ya Kupanda Jukwaani

Usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka 1939, mwimbaji Marian Anderson alimpigia simu meneja wake, Sol Hurok, kumuuliza kama kweli ilikuwa lazima onyesho la kesho yake lifanyike. Alikuwa amenyimwa ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington kwa sababu ya weusi wake, kwa hiyo angeimba nje, kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Abraham Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000, na wengine wengi wakisikiliza redioni. Baadaye alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba aliposimama pale alihisi kama anakabwa koo, akahofu kuwa maneno anayoyajua barabara hayatatoka. Yalitoka, na aliimba mpaka mwisho.

Anderson alikuwa binti wa Kanisa la Union Baptist la Philadelphia. Aliimba katika kwaya yake tangu utotoni, na waumini wenzake walimchangia fedha za kusomea muziki. Alikuwa mwenye imani, mzoefu, ameshashangiliwa katika majiji makubwa ya Ulaya, na bado koo lilimkaba. Jambo hili linafaa kusemwa makanisani kwa sauti kubwa, maana wapo waimbaji na wahubiri wengi wanaoona aibu kwa kudhani kwamba anayetetemeka ana imani haba.

Mwili una sababu zake. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitangaza jaribio ambalo hadi leo linatumika duniani kote. Mtu hupewa dakika chache za kujiandaa, kisha huhutubia jopo la watu wasiotabasamu wala kutikisa kichwa. Akimaliza, huambiwa ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 1,022, kila mara akitoa 13. Akikosea, anaanza upya. Hakuna anayemgusa, lakini homoni ya kotisoli katika mate yake hupanda mara mbili au zaidi, na moyo hudunda kwa kasi. Adrenalini nayo humwagika kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo: kinywa kinakauka, vidole vinapoa, pumzi inakuwa fupi na kuishia kifuani. Kwa mwimbaji, pumzi fupi ni msiba, kwani sauti yenyewe ni pumzi.

Sala huingia hapo hapo kwenye pumzi. Daktari Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia waliwapima watu wazima 23 wenye afya njema wakisali rozari kwa Kilatini, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Kila Salamu Maria iligawanywa kama inavyosaliwa siku zote: mmoja anaanza, mwingine anaitikia, na mzunguko mzima unachukua kama sekunde 10. Aliyezoea kupumua mara 14 hivi kwa dakika alijikuta anapumua kama mara 6 tu, na kasi hiyo ilioana na mawimbi ya asili ya shinikizo la damu, hata uwezo wa mwili wa kulidhibiti ukaongezeka. Mantra za yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa, zilileta matokeo yale yale, na Mkristo hana haja ya kulificha hilo. Mwili umeumbwa kutulia kwa pumzi ndefu, na sala inayosaliwa taratibu huifikisha pumzi huko bila mtu kuhesabu.

Lakini muumini hasali ili apumue tu. Uffe Schjoedt wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, aliwaweka Wakristo 20 wenye bidii ya sala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walipomwomba Mungu kwa maneno yao wenyewe, ziliamka sehemu za ubongo zinazotumika mtu anapozungumza na mwenzake na kuwazia fikra zake. Walipotakiwa kumtajia Baba Krismasi zawadi wanazozitamani, haikuwa hivyo. Utafiti huo, uliotoka mwaka 2009, hauwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba Mungu yupo. Unaonyesha kwamba kwa msalaji, sala ni maongezi na aliyepo. Anayepanda jukwaani akitoka kwenye maongezi ya namna hiyo hapandi peke yake mbele ya jopo lisilotabasamu.

Maneno ya sala nayo yana uzito. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia watu nchini Marekani wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akazidi kuwajia. Kwa hiyo anayerudia “Bwana, nisitetemeke” ana hatari ya kubaki ameikodolea macho mikono yake. Tafiti za mwanasaikolojia Sian Beilock kuhusu wachezaji wa gofu zimeonyesha kwamba mzoefu akianza kuuchunguza kila mjongeo wake, ustadi wake huvurugika. Kuwaombea watakaosikiliza, mmoja mmoja ikiwezekana, huyaondoa macho kwenye nafsi.

Mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake walichunguza mwaka 1988 jinsi waumini wanavyoyakabili matatizo. Wapo wanaojitegemea, wapo wanaomwachia Mungu kila kitu na kukaa, na wapo wanaofanya kazi pamoja naye. Waliokaa tu walijiona wana uwezo mdogo. Walioshirikiana na Mungu walijiamini zaidi. Mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach ni mfano wa ushirikiano huo: aliandika J.J., yaani “Yesu, nisaidie” kwa Kilatini, juu ya kurasa zake nyingi za muziki, kisha akaketi na kuzijaza noti. Vivyo hivyo, mwanakwaya aliyekosa mazoezi wiki nzima hana budi kwanza kurudi mazoezini.

Upo pia woga unaozidi haya: anayekataa kazi, mitihani au hata kusoma somo kanisani kwa miezi kadhaa huenda ana ugonjwa wa hofu ya mbele za watu. Ugonjwa huo hutibika kwa ushauri nasaha wa kitaalamu unaomfundisha mtu kuzikabili hofu zake hatua kwa hatua. Vidonge vya propranolol, ambavyo wanamuziki wengi huvimeza kutuliza mapigo ya moyo, vinahitaji daktari, kwani vinaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Mchungaji anayemwombea muumini wa namna hiyo na kumsindikiza hospitali siku hiyo hiyo hajaipunguza sala yake hata kidogo.