Kwenye snea ya bei nafuu, pesa iko kwenye ngozi

Chukua ngoma nne aina ya snea za bei ya chini kutoka kampuni nne, zing'oe nembo, uziweke mezani. Hata mpigaji mzoefu atahangaika kusema ipi ni ya nani. Kwa kawaida zote zina kipenyo cha inchi 14, kimo cha inchi 5 au 5 na nusu, bodi ya bati la chuma lenye unene wa milimita moja hivi, skrubu nane za kukazia kila upande na nyaya 20 zinazochakarisha chini. Nyingi zimetoka viwanda vya China na Taiwan, na si ajabu kiwanda kimoja kuhudumia majina kadhaa.

Mtindo huo si wa juzi. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Japani vilikuwa vikitengeneza ngoma kwa oda za wafanyabiashara wa Marekani, kila mmoja akibandika jina lake. Pearl ya hukohuko Japani, iliyoanzishwa na Katsumi Yanagisawa mwaka 1946, ilianza na stendi za kuwekea karatasi za muziki kabla ya kuingia kwenye ngoma. Mwaka 1982 ilitoa seti ya Export, na kuanzia hapo mwanafunzi wa kawaida aliweza kununua seti nzima ya kueleweka bila baba yake kukopa. Kampuni za Marekani zilizotamba awali ziliyumba moja baada ya nyingine. Ludwig, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1909 na ndugu wawili, William na Theobald Ludwig, iliuzwa kwa kampuni ya ala za muziki ya Selmer mwaka 1981. Umiliki haujaacha kubadilika hadi leo: mwaka 2022 Roland ya Japani, inayojulikana zaidi kwa vinanda vya umeme, iliinunua kampuni ya ngoma ya Drum Workshop ya California.

Ludwig ndiyo iliyoacha somo zuri kuliko yote kwa mnunuzi wa bei nafuu. Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr wa Beatles alipiga kwenye runinga ya Marekani mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, jina la Ludwig likisomeka kwenye ngoma kubwa, na oda zikafurika. Miaka hiyohiyo kampuni ilikuwa na snea mbili za alumini. Supraphonic ilikuwa ya wakubwa: skrubu kumi, imepakwa kromu iking'aa kama kioo, na hadi leo inatajwa kuwa miongoni mwa snea zilizorekodiwa zaidi duniani. Acrolite ilikuwa ya wanafunzi: skrubu nane, haina kromu, inauzwa na mkoba wake kwa watoto wa bendi za shule. Bodi yenyewe, ile alumini isiyo na kiungo, ilikuwa ileile. Tena kromu haishiki vizuri kwenye alumini, kwa hiyo Supraphonic nyingi za zamani zimetoka vidoa na maganda wakati Acrolite zimebaki safi. Mtoto wa shule alibeba bodi ya studio bila kujua. Baadaye wapigaji wa kulipwa waligundua, wakaanza kuzisaka, na Acrolite ya mtumba iliyokuwa ikitupwa stoo ikapanda bei.

Sasa tuje kwenye fedha. Bodi hununuliwa mara moja, ngozi hununuliwa tena na tena. Zamani ngozi ilikuwa ya ndama kweli: mvua ikinyesha inalegea, jua likiwaka inakaza. Kati ya 1956 na 1957 Wamarekani walianza kuuza ngozi za plastiki ya poliesta, ileile ambayo DuPont iliita Mylar. Remo Belli, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la ngoma Hollywood, alijenga kampuni nzima juu ya plastiki hiyo. Mshindani wake mkuu, Evans, amekuwa mali ya D'Addario, watengeneza nyuzi za gitaa wa New York, tangu 1995. Kwa kuwa inchi 14 ni inchi 14 karibu kwa kila mtengenezaji, muuza ngozi hahitaji kujua ulinunua ngoma ya nani. Soko la vipuri likajitenga na soko la ngoma, na ndilo lenye wateja wa kudumu.

Mwenye viwanda vya snea rahisi analijua hilo. Ili bei ya dukani ibaki dola 100 au 150, anabana kwenye vitu ambavyo mteja haoni: ngozi isiyo na jina, nyaya zilizopinda, rimu ya chuma chembamba cha milimita 1.6 badala ya 2.3. Mimi ningekata theluthi ya bajeti kabla sijaingia dukani. Hiyo theluthi inunue ngozi mbili nzuri na nyaya mpya. Ngoma ya kawaida iliyovalishwa hivyo itaiaibisha ngoma ghali ambayo bado ina ngozi ilizokuja nazo kutoka kiwandani.

Dukani, usiipige kwanza. Iangalie ikiwa imara pale ambapo haibadilishwi kirahisi. Bodi iwe duara kweli. Pima kipenyo mara mbili kwa kukatisha. Fungua na funga swichi ya nyaya mara kadhaa, kwa sababu hicho ndicho kifaa kinachokufa mapema, na kukipata cha kulingana na matundu ya ngoma yako kunaweza kuwa kazi. Zungusha kila skrubu kwa vidole: iliyoliwa nyuzi itajulikana hapohapo. Kama muuzaji anakuruhusu kuvua ngozi, weka bodi juu ya kioo, tochi ndani, na uone mwanga unapenya wapi kwenye ukingo. Upande wa chini kuna sehemu mbili zilizokwanguliwa kidogo, ndipo nyaya zinapopita. Hizo zimewekwa kwa makusudi, usimkatie muuzaji bei kwa sababu hiyo.

Kukaza ni kazi ya dakika ishirini, na haina siri. Anza na ngozi ya chini, nyembamba mno: mikroni 75 hivi, wakati ya juu ina kama 250. Vidole vikishindwa kukaza zaidi, shika ufunguo na zungusha robo robo, ukitoka skrubu moja kwenda ile inayoikabili. Weka kidole katikati ya ngozi, gonga kwa ncha ya kijiti karibu inchi moja kutoka kila skrubu, usikilize. Panapolia juu kuliko pengine, legeza chini ya kiwango kisha panda tena. Skrubu iliyofikiwa kwa kushuka haikai. Ya chini ivutwe zaidi ya ya juu. Nyaya ziwe za mwisho, na hapo ndipo wengi huharibu kazi yote: wanazikaza hadi mlio wa kuchakarisha unakufa na ngoma inalia kama bati.

Snea rahisi ina ugonjwa mmoja wa kudumu, skrubu kulegea zenyewe, hasa zile mbili zilizo karibu na mkono unaopiga rimu. Washa za nailoni au tone la gundi ya nati hutosha.

Pwani yetu haikuanza leo kupiga ngoma za kigwaride. Vikundi vya beni vya Lamu na Mombasa viliiga bendi za kijeshi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Siku hizi mnunuzi ni kwaya au kikundi cha matarumbeta ya harusi, ambacho snea yake inashinda juani nyuma ya pikapu. Mwenye duka anayefikiria kuagiza seti kumi afikirie pia katoni ya ngozi za inchi 14 na nyaya: kontena lake halitajaa, na wateja watarudi. Na anayeagiza mitumba kutoka Uingereza ajihadhari na ngoma za Premier za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Kipenyo chake kilizidi kidogo vipimo vya sasa, na ngozi za kawaida haziziingii vizuri. Muuzaji aombwe atume picha yenye futi kamba juu ya bodi iliyovuliwa ngozi kabla pesa haijatumwa.