Spika za nyuma zisubiri kidogo jamani!

Leo tuongelee kitu kinachotusumbua wengi hapa Tabora: spika za ukumbini. Umekaa nyuma kwenye mkutano wa wakulima wa tumbaku, mwenyekiti anataja bei, wewe unasikia maneno yanapandana kama watu wawili wanaongea. Umeondoka na bei gani hapo? Jirani yako kaandika nyingine. Halafu kamati inasema tuchange tukodi spika kubwa zaidi. Jamani, mara nyingi tatizo si ukubwa wa spika. Ni muda.

Tuanzie kwenye historia yetu wenyewe. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, wapagazi wengi wakiwa Wanyamwezi, na mbele anatangulia kirangozi. Sasa chukua mfano wangu: msafara una urefu wa mita 690, na kirangozi anapiga ngoma. Sauti hewani inakwenda kama mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo wa mkiani anaisikia baada ya sekunde 2. Weka mpiga ngoma wa pili kule mkiani, anamwangalia kirangozi na kupiga pamoja naye. Wa mkiani watasikia ngoma mbili: kwanza ya jirani, halafu ya mbele. Dawa yake? Wa pili asubiri sekunde 2 ndipo apige. Hapo inasikika moja.

Spika ni hivyo hivyo. Umeme kwenye waya unafika spika za nyuma papo hapo, lakini sauti ya spika za mbele inatembea kwa miguu. Kama spika za nyuma ziko mita 25 kutoka za mbele, gawa 25 kwa 345: unapata sekunde 0.072, yaani milisekunde 72. Ni kidogo, lakini inatosha kuvuruga maneno. Mafundi wanaita dawa yake dilei, maana yake kuchelewesha sauti ya spika za nyuma.

Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti ileile ikija mara mbili kwa kupishana muda mfupi sana, sikio linaziunganisha, na tunaona kama imetoka kule ilikotangulia kufika. Ndiyo maana mafundi huongeza milisekunde 10 hadi 15 juu ya hesabu. Hapo kwetu inakuwa kama 85. Aliyekaa nyuma anasikia vizuri, na anaona sauti inatoka kwa mwenyekiti, siyo kwenye spika ya pembeni yake. Mambo haya si mapya: kanisa la St Paul's, London, lilifungiwa mfumo wa aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Fanya hivi:

1. Pima kwa tepu kutoka spika za mbele hadi za nyuma.
2. Zidisha mita kwa 2.9. Hizo ndizo milisekunde.
3. Ongeza 10 hadi 15, uziingize kwenye njia ya spika za nyuma peke yake.
4. Mtu agonge vijiti viwili mbele ya maiki, wewe simama nyuma. Ukisikia "ta-ta", rekebisha. Ukisikia "ta" moja, umepata.

Angalizo: usichanganye na ile dilei ya kuimbia iliyopo kwenye mikisa ndogo. Ile inarudia sauti ya mwimbaji, itaharibu zaidi! Unayotaka ni ya kwenye njia ya kutokea, ipo kwenye mikisa nyingi za dijitali. Pia spika za nyuma zielekee nyuma, la sivyo waliokaa katikati ndio watapata ngoma mbili. Na mwangwi wa kuta tupu na bati hautibiwi na dilei, huo unataka mapazia na watu kujaa.

Kwa hiyo kabla hamjachanga, muulizeni fundi: spika za nyuma umezichelewesha milisekunde ngapi? Akikutolea macho tu, mpe tepu. Mafundi mliomo humu, nyie mnafanyaje kwenye viwanja vya wazi? Tupeni uzoefu.