Kisa cha Nyuma cha Mhusika Mwovu: Je, Kinamjenga au Kinambomoa?

Mwalimu mwenzangu, unapofundisha usawiri wa wahusika hukosi kuulizwa swali hili: "Lakini mwalimu, si naye alitendewa mabaya?" Mwanafunzi anayeliuliza huwa amesoma kwa makini. Ameona kwamba mhusika anayelaumiwa na kila mtu ana jeraha la zamani, na sasa hajui amlaani au amhurumie. Mara nyingi insha yake huegemea upande mmoja. Ama atamwita mhusika huyo katili na kuorodhesha maovu yake, ama atamwita mwathiriwa na kumsamehe yote. Majibu yote mawili humkosesha alama, kwa kuwa kila moja limesoma nusu ya kitabu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kisa cha nyuma humpa nguvu mhusika mwovu kinapoeleza maumivu yake bila kumwondolea uamuzi wake. Humdhoofisha kinapofanywa jibu la kila swali.

Kisa cha nyuma ni nini?

Tunamaanisha matukio yaliyomfika mhusika kabla ya msuko kuanza, ambayo mwandishi huyafichua kwa mbinu rejeshi, kwa mazungumzo au kwa kauli ya mhusika mwenyewe. E. M. Forster alipotofautisha wahusika bapa na wahusika duara mwaka 1927, alisema kipimo cha mhusika duara ni uwezo wake wa kutushangaza kwa namna tunayoweza kuiamini. Hapo ndipo penye mtego. Mwanafunzi hudhani kwamba mhusika akishapewa utoto wa dhiki basi amekuwa duara. Sivyo. Ikiwa dhiki hiyo inatuwezesha kukisia kila tendo lake, mhusika amebaki bapa. Amebandikwa tu maelezo mgongoni.

Mfano wa Shylock

Tuchukue tamthilia ambayo Julius Nyerere aliifasiri na kuiita Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Shakespeare aliiandika katika miaka ya mwisho ya 1590. Shylock, mkopeshaji Myahudi, anampa Antonio mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Deni lisipolipwa, Shylock atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio.

Kisa cha nyuma kinafichuliwa mapema, katika onyesho la tatu la kitendo cha kwanza. Shylock anamkumbusha Antonio kwamba alimtemea mate na kumwita mbwa. Tazama jinsi mwandishi alivyofanya: Antonio hakanushi. Anasema yu tayari kuyarudia. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuyashuku malalamiko ya Shylock; mtesi mwenyewe ameyathibitisha.

Mazingira nayo yanamuunga mkono. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka ya 1650. Huko Venisi kwenyewe, kuanzia mwaka 1516, walilazimishwa kuishi katika mtaa wao peke yao, ambao malango yake yalifungwa usiku. Baadaye katika tamthilia, binti yake Jessica anatoroka na Mkristo, akichukua mali ya babake. Shylock anapata habari kwamba pete aliyopewa na Leah kabla hawajaoana imebadilishwa kwa tumbili. Msomaji asiyeguswa hapo ana moyo mgumu.

Hata hivyo, mwandishi hakutuachia huruma tupu. Katika onyesho lile lile la mapema, kabla Jessica hajatoroka, Shylock anatuambia pembeni kwamba anamchukia Antonio pia kwa kuwa anakopesha bila riba na kuharibu biashara. Anasema akimpata pabaya atamlipiza kisasi cha siku nyingi. Hivyo chuki yake ina mizizi miwili: dhuluma na faida. Kisha mahakamani anaahidiwa mara mbili ya fedha zake, na baadaye mara tatu. Anakataa. Akiulizwa sababu, anajibu kwamba ndivyo apendavyo. Wakati huo mkononi ana kisu, mbele yake ana fedha, na hakuna anayemsukuma. Jeraha lake limeeleza kwa nini anataka kisasi, lakini halikumfanyia uamuzi.

Wala Wakristo wa Venisi hawatoki safi. Shylock anawakumbusha kwamba wao wamenunua watumwa na kuwatumia kama punda na mbwa. Kama mtumwa ni mali yao, nyama hii nayo ni mali yake. Hakuna anayemjibu hoja hiyo. Kesi inapogeuka dhidi yake, analazimishwa kuiacha dini yake, na waliosifu huruma muda mfupi uliopita wanaiita hukumu hiyo huruma. Hivyo kisa cha nyuma kimefanya kazi mbili: kimemfanya Shylock mtu, na kimeishtaki jamii iliyomuumba.

Historia ya jukwaa inathibitisha kwamba pande zote mbili zimo. Mjini London, Charles Macklin alimwigiza Shylock kama mtu wa kutisha mwaka 1741. Edmund Kean alimpa utu mwaka 1814, na Henry Irving akamfanya mhusika wa tanzia mwaka 1879. Mwaka 1943, mjini Vienna chini ya utawala wa Wanazi, tamthilia iyo hiyo iliigizwa ili kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi waliokuwa wakiangamizwa. Mhusika akivuliwa maumivu yake, hubaki kinyago cha kutupiwa mawe, na mawe hayo huwaangukia watu halisi.

Mfano wa Iago

Kinyume chake ni Iago katika Othello. Huyu naye ana sababu. Anasema alinyimwa cheo akapewa Cassio. Baadaye anasema anamshuku Othello kulala na mkewe, kisha anamshuku Cassio kwa kosa lilo hilo. Hakuna mhusika mwingine anayempa ushahidi wa shuku hizo. Mhakiki Coleridge aliona kwamba uovu wa Iago unatangulia na sababu zinatafutwa baadaye. Mwishoni, anapotakiwa aeleze, Iago anakataa kusema neno lolote tena.

Je, Iago angekuwa bora kama Shakespeare angetuonyesha utoto wa mateso? La. Kitisho chake ni huko kukosa shina. Tungepata maelezo, hofu ingetoweka. Basi si kila mhusika mwovu anahitaji kisa cha nyuma. Mwandishi anayetaka tuichunguze jamii atatupa Shylock. Anayetaka tuuogope uovu unaokaa karibu nasi ukiitwa mwaminifu atatupa Iago.

Bi Farashuu na swali la nani analipa

Katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Bi Farashuu ana kinyongo cha haki dhidi ya Bwana Maksuudi kwa jinsi alivyomtenda bintiye, Mwanasururu. Maksuudi anastahili lawama. Lakini kisasi kinapitia kwa Maimuna, msichana aliyefungiwa nyumbani na babaye huyo huyo. Maimuna hakumdhulumu Mwanasururu. Yeye mwenyewe ni mmoja wa waliodhulumiwa na Maksuudi. Hapa kisa cha nyuma kinaeleza kikamilifu kwa nini Farashuu ana hasira, lakini hakielezi kwa nini Maimuna alipe. Pengo hilo ndilo linalomfanya Farashuu astahili kuhakikiwa. Mwanafunzi akiliziba kwa kusema "alikuwa na uchungu", ameufuta ugumu ambao mwandishi aliukusudia.

Namna ya kufundisha

Tunapendekeza mwanafunzi aelekezwe kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika.

Kwanza, nani anakisimulia kisa hicho, na je, kuna mwingine anayekithibitisha? Swali hili linamtenga Shylock na Iago mara moja.

Pili, anayelipa ndiye aliyekosa? Kama siye, mwanafunzi aeleze kisasi kilipotokea njia.

Tatu, je, mhusika alikuwa na nafasi ya kutenda vingine? Aionyeshe nafasi hiyo katika matini: dukati zilizokataliwa, mlango uliokuwa wazi, mtu aliyemsihi.

Mwanafunzi akiyajibu, insha yake haitasema "ni mwovu" wala "ni mwathiriwa". Itasema alidhulumiwa hapa na yule, kisha akaamua hivi pale ambapo angeweza kuamua vile. Sentensi ya namna hiyo humwonyesha mtahini kwamba mtahiniwa ameihakiki kazi, hakuisimulia tu.

Faida yake haiishii kwenye karatasi ya mtihani. Wanafunzi wetu wengi wamesikia nyumbani masimulizi ya ardhi iliyochukuliwa na jamaa waliopotea katika ghasia za mwaka 2007 na 2008. Wapo waliolelewa na kinyongo ambacho si chao, na kinyongo hicho mara nyingi kina msingi wa kweli. Tukiwafundisha kwamba aliyeumizwa hana hatia kwa lolote atendalo, tumewapa silaha. Tukiwafundisha kwamba aliyetenda uovu hakuwahi kuumizwa, tumewadanganya, nao wanajua. Fasihi inawapa mahali pa kuyashika yote mawili kwa pamoja, kwa utulivu, kupitia watu ambao hawapo. Basi mwanafunzi akikuuliza, "Si naye alitendewa mabaya?", mkubalie, kisha umuulize: "Naam, na yeye akafanya nini?"