Mchezaji Akiondoka Huru, Klabu Inabaki na Nini?

Msimu ukikaribia kwisha, mashabiki wa Shabana mjini Kisii huanza kuulizana nani anabaki na nani anaondoka. Klabu hiyo iliyoanzishwa mwaka 1980 ilirejea Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya kukaa nje miaka 17. Kwa timu ya namna hiyo, mkataba wa mchezaji ni mali, na mali hiyo ina tarehe ya kuisha.

Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kutia saini na klabu nyingine. Mkataba ukiisha, anaondoka bila ada ya uhamisho. Isitoshe, klabu isipomlipa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia notisi ya angalau siku 15, na isipolipa, akavunja mkataba kwa haki. Hapo klabu imemfanya huru kwa mkono wake yenyewe.

Besiboli ya Marekani imeweka utaratibu mwingine. Mchezaji hufungwa na timu yake hadi atimize miaka sita katika ligi kuu. Baada ya takriban mitatu, yeye na timu wakishindwa kuelewana juu ya mshahara, kila upande hutaja kiwango chake na waamuzi watatu huchagua kimoja kati ya viwili, hawagawi katikati. Anayetaja kiwango cha kupindukia huhatarisha kushindwa, kwa hiyo wengi huafikiana mapema. Na mchezaji aliye huru akikataa ofa rasmi ya mwaka mmoja kisha akasajiliwa kwingine, timu aliyoiacha huweza kufidiwa nafasi ya ziada ya kuchagua chipukizi.

Kenya ina Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, lakini kazi yake si kuwapangia wachezaji mishahara. Fidia yetu iko kwingine: katika kumbukumbu za malezi. Kwa kanuni hizo za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Timu ya Nyamira iliyomsajili tangu akiwa na miaka 12 hadi 15 hustahili asilimia 1 ya ada. Akiuzwa kwa shilingi milioni 10, hiyo ni shilingi 100,000, fedha za kununua mipira na jezi za watoto wengi. Lakini timu isiyomwandikisha mtoto katika shirikisho haitaonekana kwenye rekodi za mchezaji huyo, hata kama ndiyo iliyomfundisha kupiga pasi.

Kwa hiyo viongozi wa klabu za Gusii, yaani Kisii na Nyamira, wana kazi tatu: kulipa mishahara kwa wakati, kuketi na mchezaji mwaka mzima kabla ya mkataba kuisha, na kuwasajili chipukizi rasmi. Mchezaji ana haki ya kwenda anakotaka. Klabu iliyofanya kazi hizo itamuuza kwa bei halali au kumbakisha kwa hiari yake.